Sungura Wadogo wa Brabant

Msafiri atokaye Antwerpen kwa gari moshi kuelekea kaskazini huacha nyuma yake bandari kubwa na mji wenye kelele, akapita katikati ya misonobari, na baadaye akaingia katika nchi tambarare kama meza. Sisi wana wa Kivu, tuliozoea kuona mlima kila tugeuzapo shingo, tulitafuta kilima cha kupumzishia macho tusikipate. Maji yamelala katika mifereji, ng'ombe weupe wenye mabaka meusi wamesimama ukingoni, nalo jua la Novemba limeinama chini hata saa sita ya mchana. Hiyo ndiyo Noord-Brabant, jimbo la kusini mwa Uholanzi, nasi tulikuwa tunakwenda huko kutazama sungura.

Twajua baadhi yenu watacheka. Watu wazima kuvuka mpaka kwa ajili ya sungura! Lakini tulikuwa tumealikwa na padri mmoja mzee, Mholanzi, aliyekaa Kivu miaka zaidi ya thelathini na ambaye bado aota kwa Kiswahili, kama asemavyo mwenyewe. Alituandikia hivi: "Njoni, wanangu, mwone jinsi watu wa kwetu wanavyomtunza sungura asiyejaza sufuria." Maneno hayo ndiyo yaliyotuvuta. Kwetu mnyama asiyejaza sufuria anafugwa kwa faida gani?

Gari moshi lilipita Roosendaal, Breda na Tilburg, likatushusha 's-Hertogenbosch. Jimbo hili lilikuwa kwa muda mrefu ngome ya Wakatoliki wa Uholanzi, na nyumba zake, zenye watoto kumi na zaidi, zilitoa mapadri, mabruda na masista wengi kwa ajili ya misioni. Karibu na Boxtel, safari fupi kutoka hapo, Mapadri Weupe walikuwa na nyumba ya masomo. Siku hizi makanisa mengi ya Uholanzi yamefungwa, au yamegeuzwa maktaba na makao ya watu, na padri wetu hapendi kulizungumza jambo hilo kwa urefu. Alitupeleka kwanza katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, tuwashe mshumaa mbele ya sanamu ya zamani ya Mama Maria ambayo watu wa mji huu wanaipenda sana. Nje alituonyesha watu wadogo wa mawe waliopanda juu ya matao ya kanisa kama watoto waliopanda mwembe, na malaika mmoja aliyewekwa mwaka 2011 ambaye ameshika simu ya mkononi. "Anapiga mbinguni," alisema padri, "na mimi naamini anajibiwa."

Mji huu ndio ulimzaa mchoraji Hieronymus Bosch, aliyefariki mwaka 1516. Picha yake iliyo maarufu kupita zote iko Madrid, Hispania. Katika sehemu ya paradiso amechora sungura nyuma ya Eva, mpole, anajilia zake. Katika sehemu ya jehanamu amemchora tena, lakini huko sungura ni mwindaji: anapuliza pembe, na mtu amening'inia kwenye mti aliobeba begani, kama mawindo. Tulizikumbuka picha hizo mbili mara nyingi siku ile.

Maonyesho yenyewe yalifanyika katika kijiji kimoja nje ya mji, ndani ya ukumbi uliojengwa zamani kwa ajili ya vijana wa parokia. Ilikuwa Jumamosi ya kutangulia Dominika ya kwanza ya Majilio. Wakati huo ndio wa maonyesho, tangu Oktoba hadi Januari, kwa sababu sungura wamekwisha kubadili manyoya ya kiangazi na kuvaa yale mazito ya baridi. Mlangoni mwanamke mmoja alikuwa akikagua karatasi za chanjo. Sheria ni kali: sungura asiyechanjwa kuzuia ule ugonjwa wa kutoka damu haingii. Ugonjwa huo ulionekana mara ya kwanza China mwaka 1984, ukavuka ukafika Ulaya katika miaka michache tu, na aina yake ya pili ilizuka Ufaransa mwaka 2010. Waweza kufungua kibanda asubuhi ukawakuta wote wamekufa, wala jana hukuona dalili yoyote.

Ndani kulikuwa na harufu ya majani makavu, unga wa mbao na supu ya njegere. Upande mmoja kuku na njiwa, upande wa pili sungura, katika vizimba vya waya vilivyopangwa kwa safu juu ya meza ndefu. Kila kizimba kina namba tu, bila jina la mwenyewe, maana mwamuzi haruhusiwi kujua anampima mnyama wa nani. Wazee waliketi na vikombe vya kahawa, wakisema kwa sauti ya chini kama watu wanaongoja kuungama.

Mwanzoni mwa safu alilala sungura wa Flanders, yule mkubwa wa upande wa Gent, mwenye uzito wa kilo 7 na zaidi, masikio kama majani ya mgomba mchanga. Tukasema moyoni: huyu ndiye sungura! Padri akatuvuta mkono hadi mwisho wa safu. Huko ndani ya vizimba vidogo vilikaa viumbe ambavyo tungeviweka viwili katika kofia moja. Kichwa mviringo kama chungwa, macho makubwa, shingo haionekani, masikio mafupi ya sentimita 5 hivi yaliyosimama wima. Huyo ndiye sungura kibete wa Uholanzi. Uzito wake ni karibu kilo moja. Waingereza, walioandika kanuni zake mwaka 1950, hawamkubali akipita kilo 1 na gramu 134.

Hapa yatupasa kusimama kidogo tueleze mambo ya ukoo, kwa faida ya wanafunzi. Sungura mjanja wa hadithi zetu, ambaye ndugu zetu Wabemba humwita Kalulu, si baba wa sungura hawa. Yule wa porini kwetu huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofunguka, juu ya ardhi wazi. Huyu wa kufugwa huzaa watoto uchi na vipofu, ndani ya shimo au kiota, na asili yake ni Hispania na kusini mwa Ufaransa. Sungura wote wa vibandani duniani, yule wa kilo 7 na huyu wa kilo moja, ni wa aina moja hiyohiyo. Vitabu vingi husimulia kwamba wamonaki wa Ufaransa ndio waliomfuga kwanza, baada ya Papa Gregori kutangaza, mwaka 600 hivi, kwamba vitoto vya sungura si nyama na vyaweza kuliwa wakati wa Kwaresima. Ni hadithi tamu, lakini si ya kweli. Mwaka 2018 wataalamu walioichunguza hawakuona amri yoyote ya namna hiyo. Watu walimchanganya Papa na somo wake, Mtakatifu Gregori askofu wa Tours, ambaye alisimulia tu habari za mkubwa mmoja aliyekula vitoto vya sungura siku za Kwaresima, akaugua, akafa. Kwa hiyo msomaji akisikia mtu anawasingizia wamonaki, amsahihishe kwa upole.

Kibete huyu alipatikana kwa kumpandisha sungura mdogo mweupe, ambaye Waingereza walikuwa naye tangu miaka ya 1880 na kumwita Mpolandi ijapokuwa hakutoka Poland, pamoja na sungura wadogo wa porini. Waholanzi walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, wakitafuta mwili mdogo na rangi nyingi. Mwaka 1940 chama chao kilimkubali rasmi kuwa ukoo wa haki. Mwaka uleule, mwezi wa Mei, jeshi la Ujerumani liliingia nchini, na Rotterdam ikachomwa moto kwa mabomu.

Karibu na vizimba hivyo tulimkuta mzee wa miaka 86, amevaa tai na koti lililopigwa pasi, na pembeni yake msichana wa miaka 11, kitukuu chake, ambaye siku hiyo alileta sungura wake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Padri alimwamkia kwa heshima, akatuambia: "Mzee huyu alizaliwa Rotterdam. Mwulizeni kwa nini anafuga vidogo." Tukamwuliza, naye padri akafasiri.

Baba yake alikuwa kuli wa bandarini. Nyuma ya jiko lao alikuwa na majike manne na dume mmoja, wote vibete, katika masanduku ya machungwa. Tarehe 10 Novemba 1944 askari wa Kijerumani waliuzingira mji, wakatembea nyumba kwa nyumba, na katika siku mbili wakawachukua wanaume zaidi ya 50,000 kwenda kufanya kazi ya nguvu. Baba yake alikuwa mmoja wao. Mlangoni alimwambia mkewe maneno mawili: watoto, na sungura.

Kisha ikaja ile ambayo Waholanzi huiita Baridi ya Njaa. Mashariki mwa Kongo hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya jina hilo. Magari moshi yalikuwa yamesimama, mifereji iliganda, makaa yalikwisha, na mnamo Februari 1945 posho ya mtu mmoja katika miji ya magharibi ilikuwa chini ya kalori 600 kwa siku, yaani karibu robo tu ya mahitaji ya mtu mzima. Watu walikula viazi sukari vya mifugo na vitunguu vya maua. Wapata 20,000 walikufa. Mama wa mzee wetu alikuwa na watoto wanne. Kabla ya Noeli alimchinja dume na majike watatu, mmoja kila Jumamosi, na mzee akumbuka kwamba kila mmoja alitoa nyama ya kujaza sahani ndogo. Alibaki jike mmoja, mweusi.

"Sisi watoto tulimwomba mama amchinje na huyo," alisema mzee. "Mimi mwenyewe nilimwomba. Nilikuwa na miaka mitano."

Mama hakumchinja. Wakati ule wanawake wa mijini walikwenda kwa miguu na vigari hadi kwa wakulima, siku mbili tatu njiani, wakabadilishe shuka, saa au pete ya ndoa kwa chakula. Pete yake ilikuwa imekwisha kwenda. Alimtia yule jike ndani ya kikapu, akamfunika kwa nguo, akaenda. Mkulima wa tatu alikuwa na binti mgonjwa. Binti alipomwona sungura hakutaka kumwachia tena, naye mkulima akapima gunia la viazi. Kilo moja ya sungura kwa gunia la viazi! Mzee alituambia kwamba viazi hivyo ndivyo vilivyomfikisha yeye na dada zake hadi mwezi wa Mei, amani ilipokuja. Baba alirudi mwezi wa Juni, mifupa mitupu. Alihesabu watoto, akawakuta wote. Akauliza habari za sungura, na mama akanyamaza. Baadaye aliazima baiskeli isiyo na mipira ya magurudumu, akaenda kwa yule mkulima. Jike mweusi alikuwa mzima, na alikuwa amezaa, kwa kuwa jirani alikuwa na dume. Baba akarudi na vitoto viwili mfukoni.

Vitabu vya wafugaji husimulia kwamba mwaka 1945, nchi nzima, walibaki vibete 17 tu wa ukoo mzuri. Kama wawili wa mfukoni walihesabiwa au hawakuhesabiwa, mzee hakujali. Alituambia tu kwamba mama yake hakupenda sungura maisha yake yote, na hata hivyo alikwenda kuwakatia majani kila siku hadi alipokufa. Sisi twasema kazi ya baba ilikuwa nzuri, lakini ukoo huu uliokolewa na mama, naye aliuokoa kwa kuwa hakuweka mnyama mbele ya watoto wala hakumdharau.

Baada ya vita familia ilihamia Tilburg, kwenye viwanda vya sufu. Katika mji huohuo Adriaan de Cock alianza mwaka 1949 kazi ambayo wengi waliiona ya kichaa: kumwunganisha kibete na sungura mkubwa wa Kifaransa mwenye masikio yanayoning'inia, ili apate kidogo chenye masikio ya kulala. Watoto wa kwanza walitoka na masikio yaliyosimama. Akamwingiza sungura wa Kiingereza ambaye masikio yake huburuta chini, akaendelea kuchagua, kuandika na kungoja. Chama kilimkubali sungura wake mwaka 1964. Miaka kumi na mitano kwa ajili ya masikio! Leo kizazi chake kiko Ulaya yote na Marekani.

Saa nne uamuzi ulianza. Mwamuzi alivaa koti jeupe kama mganga. Mbele yake meza iliyotandikwa zulia, mizani, na karani mwenye kalamu. Kila sungura aliletwa bila neno. Mwamuzi husoma kwanza namba iliyotiwa kwa wino ndani ya sikio, ambayo ndiyo cheti cha ubatizo cha sungura, maana bila namba hiyo mnyama hana ukoo. Anampima uzito. Anamgeuza chali mkononi kama mtoto mchanga, anatazama kucha, miguu, jinsia, halafu anainua mdomo wa juu kwa kidole gumba atazame meno. Anamweka chini, anamwacha atulie, anatazama umbo. Mwisho anapuliza manyoya, nayo yanafunguka duara kama ua, na katika sungura mwenye rangi ya porini utaona pete za rangi moja ndani ya nyingine hadi kwenye ngozi. Alama ni 100. Anayepata 97 anatembea ukumbini siku nzima akijifanya hana habari.

Tulipendezwa hasa na weupe wenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi. Rangi hiyo ni kazi ya baridi. Mwili wa sungura huyo hutengeneza weusi pale tu ngozi ilipo baridi kidogo, kwa hiyo viungo vya pembeni huwa vyeusi na kifua chenye joto hubaki cheupe. Watoto wake hulala weupe kabisa kiotani, wakapata soksi zao wanapotoka kwenye joto la mama. Mwalimu yeyote wa sayansi angelipa nauli kumwonyesha darasani.

Ikafika zamu ya yule msichana. Sungura wake alikuwa wa kijivu, kichwa kizuri, uso mfupi sana. Mwamuzi alifurahia umbo, karani akaandika. Alipoinua mdomo, alisimama. Akainamisha taa. Kisha akasema neno moja, naye karani akapiga mstari juu ya karatasi nzima. Meno ya chini yalikuwa yametangulia mbele ya meno ya juu.

Kasoro hiyo si ndogo. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa juma, na yasipokutana hayasagani. Yatapinda na kuchoma midomo, mnyama atashindwa kula. Na uso unapofupishwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kupendeza macho ya watu, mahali pa meno panakosekana. Msichana alijua maana ya mstari ule. Hakulia mbele ya watu. Alimchukua sungura, akamrudisha kizimbani, akamwuliza mzee kwa sauti ya chini kama ataliwa.

"Hapana," alisema mzee. "Ni wako. Tutampeleka kwa mganga wa wanyama akatwe meno kila yakizidi. Lakini hatazaa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Tulitazamana. Kwetu neno hilo lingesikika kali mno. Lakini mzee alitutolea daftari lake, na hapo ndipo tulipoelewa kwamba kuna jambo zito kupita meno.

Sungura kibete ana mzigo katika damu. Ukimpandisha kibete wa kweli na kibete wa kweli, basi katika kila watoto wanne, kwa wastani, mmoja huzaliwa mdogo kama karanga, kichwa kikubwa, masikio madogo mno, naye hufa katika siku chache, hakuna dawa. Wawili watakuwa vibete wa kweli. Wa nne atakuwa mkubwa kidogo, masikio marefu, hafai kwa maonyesho, naye huitwa kibete wa uongo. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha sababu yake: kipande cha herufi 12,100 hivi kimekatika katika urithi wao, pale penye jeni iitwayo HMGA2. Mwenye upungufu huo kutoka kwa mzazi mmoja ni kibete. Aliyeupata kutoka kwa wazazi wote wawili hawezi kuishi. Wanafunzi wetu watalielewa hili upesi, maana vijana wa Kongo wanapojiandaa kwa ndoa huambiwa wapime damu kwa sababu ya selimundu. Mwenye AS ni mzima, lakini AS akimwoa AS, hatari ya kupata mtoto wa SS ni moja kwa nne katika kila mimba. Hesabu ni ileile.

"Kwa hiyo uzuri huu," tulisema, "unalipwa kwa kifo cha robo ya watoto?"

Padri alifasiri, mzee akatikisa kichwa, akafungua ukurasa. Kila dume alikuwa wa kweli, mdogo, mwenye alama za juu. Kila jike alikuwa wa uongo, yule mkubwa asiyefaa kwa meza. Tukahesabu naye kwa vidole. Wa kweli na wa uongo wakipandishwa, katika watoto wanne wawili ni vibete na wawili ni wakubwa. Wa kufa hayupo. Idadi ya vibete ni ileile, wawili kwa wanne, kama ilivyo kwa wale wanaowapandisha wa kweli kwa wa kweli! Tena jike mkubwa huzaa kwa urahisi. Tukauliza kwa nini basi wengine hawafanyi hivyo. Alijibu kwamba jike wa uongo hula, hukalia kizimba, wala haleti kikombe nyumbani. Wapo wafugaji wasiopenda kulisha mnyama asiyeonyeshwa. Hakumtaja mtu. Lakini tuliona anatazama safu fulani.

Sisi hatutaficha mawazo yetu. Mtu anayejua hesabu hii na bado anawazaa wa kufa ili abakize vizimba vyake kwa washindi, huyo tumemwona katika picha ya Bosch, upande wa kulia.

Adhuhuri tulikula supu ya njegere na wenye mji, nao wakatuuliza habari za Kongo. Tuliwaambia kwamba mlimani kwetu Kivu, vita vya 1996 na vile vilivyofuata vilipochukua ng'ombe, nyumba nyingi ziliinuka tena kwa simbilisi na sungura. Ng'ombe huonekana kutoka kilima cha pili, lakini sungura huingia kikapuni na mama akakimbia naye. Waliposikia neno la kikapu, wazee wawili walimgeukia yule wa Rotterdam. Walituuliza tunawapa nini. Tukawaambia: majani ya viazi vitamu na majani ya shambani, yaliyoachwa kwanza yanyauke, kwa maana majani yenye umande huharibu tumbo. Wakakubali, wakasema na wao hufanya hivyo.

Je, vibete hawa wafaa kwetu? Kwa nyama, hapana, na msomaji asimwandikie mtu Ulaya kuwaomba. Nyumba yenye watoto yahitaji sungura wa kilo tatu au nne. Tulilolitamani ni daftari. Kwetu tumeona mara nyingi dume mmoja akiachwa na dada zake na binti zake, mwaka baada ya mwaka, mpaka watoto wanadhoofika, kisha watu wanasema wamelogwa. Daftari la shule la kurasa 48 latosha: namba ya mama, namba ya baba, siku ya kuzaliwa, wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa. Wino wa sikioni si lazima, kizimba chenye namba chatosha kwa kuanza.

Jioni vikombe viligawanywa. Mzee alipata alama 96 na nusu kwa dume mweusi, wala hakutembea ukumbini. Msichana alikuwa amekaa juu ya sanduku, daftari likiwa magotini, kwa sababu mzee alimwambia achague yeye ndoa ya kwanza ya mwaka. Wafugaji hupenda watoto wa Januari, wapate kukomaa kabla ya maonyesho ya vuli. Alifikiri sana. Akaandika namba ya yule dume mweusi, na kando yake namba ya jike mkubwa wa masikio marefu ambaye hakuletwa ukumbini. Tarehe aliyoiweka ni 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola. Mimba ya sungura ni siku 31. Akahesabu, akaandika mstari wa chini: 6 Januari, Tokeo la Bwana.